Gari dogo halikukosa wateja: kwa nini viwanda vinahamia kwenye krosova

Tarehe 7 Julai 2023 Ford Fiesta ya mwisho ilitoka kiwandani Cologne, Ujerumani, baada ya miaka 47 sokoni. Anayedhani liliachwa kwa sababu watu hawakulitaka aangalie Uingereza, ambako Fiesta iliongoza mauzo ya magari mapya kila mwaka kuanzia 2009 hadi 2020. Mwaka huohuo wa 2023, gari lililoongoza Uingereza lilikuwa Ford Puma. Na Puma ni nini? Limejengwa juu ya msingi uleule wa Fiesta, likanyanyuliwa, likarefushwa kidogo na kuvalishwa bodi nyingine. Mteja wa Fiesta alibaki na Ford, ila sasa anakaa juu zaidi na analipa zaidi.

Kabla ya hesabu, tuelewane kuhusu majina, maana yadi nyingi huita kila gari lililoinuka "SUV". SUV ya asili, kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ina fremu ya chuma inayojitegemea na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Krosova haina fremu hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, injini imelazwa kwa upana, na mara nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwa maneno mengine, ukivua nguo za krosova ndogo unakuta gari dogo.

Mfano mzuri unauzwa huku kwetu Afrika. Toyota Starlet ya sasa ni Suzuki Baleno iliyobadilishwa nembo, na Starlet Cross ni Suzuki Fronx; yote mawili huundwa India. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma: milimita 2,520 kwa Baleno, milimita 2,520 kwa Fronx. Urefu wa gari zima ni milimita 3,990 kwa 3,995. Tofauti unaiona ukichuchumaa. Uwazi kati ya ardhi na tumbo la gari ni milimita 170 kwenye Baleno na 190 kwenye Fronx.

Hizo milimita 20 zimetoka wapi? Soma ubavu wa tairi. Baleno huvaa 195/55R16, Fronx 195/60R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. Asilimia 55 ya 195 ni milimita 107. Asilimia 60 ni milimita 117. Basi nusu ya mwinuko wote imeletwa na tairi nene zaidi, na nusu iliyobaki inatafutwa kwenye springi na shokapu. Kingine ni mavazi: boneti bapa iliyonyooka, taa zilizogawanywa juu na chini, na plastiki nyeusi kuzunguka matao ya magurudumu. Plastiki hiyo ina kazi yake. Inakula sehemu ya rangi ya bodi juu ya tairi, jicho likadanganyika kwamba gurudumu ni kubwa na gari liko juu kuliko lilivyo.

Sasa bei. Japani, mwaka 2020, Toyota ilitoa Yaris (ndiyo iliyorithi Vitz) na miezi michache baadaye Yaris Cross, kwa msingi mmoja na injini moja ya petroli ya lita 1.5 yenye silinda tatu. Kwa daraja la chini lenye injini hiyo na gia otomatiki, Yaris ilitangazwa kwa yeni 1,598,000 na Yaris Cross kwa yeni 1,798,000. Tofauti ni yeni 200,000. Gharama ya ziada ya kiwanda ni chuma na plastiki kidogo, tairi kubwa zaidi na springi nyingine. Injini, gia, usukani, kompyuta na nyaya vilishalipiwa na ndugu yake mdogo. Mwenye kiwanda akiwa na nafasi moja tu kwenye mstari wa kuunganishia, hahitaji mshauri wa kumwambia aweke lipi.

Hapo ndipo gari dogo linapoanza kubanwa, na kinacholibana zaidi ni vifaa vya lazima. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2022 kwa aina mpya na tangu Julai 2024 kwa kila gari jipya, ni lazima kuwe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe, msaada wa kubaki kwenye njia, mfumo wa kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo, onyo la kusinzia, kigunduzi cha vizuizi wakati wa kurudi nyuma, na kisanduku cha kurekodi data za ajali. Japani nayo ilianza kudai breki za dharura kwa aina mpya za magari ya ndani Novemba 2021. Kamera ya breki hizo, iliyo nyuma ya kioo cha mbele, haina bei ya gari dogo na bei ya gari kubwa. Mifuko ya hewa ni vivyo hivyo, na majaribio ya kugongesha magari ukutani ni vivyo hivyo. Tufanye mfano wa hesabu tu: ikiwa mzigo huo wote ni euro 1,000, kwenye gari la euro 14,000 ni zaidi ya asilimia 7 ya bei; kwenye la euro 24,000 ni asilimia 4. Na faida ya gari dogo mara nyingi ni nyembamba kuliko hiyo asilimia 7.

Kiwanda cha Kolin, Jamhuri ya Czech, kinaonyesha matokeo yake. Humo yalikuwa yakiundwa magari matatu madogo yaliyofanana kama mapacha: Toyota Aygo, Peugeot 108 na Citroën C1. Mwaka 2021 Toyota ilikimiliki kiwanda peke yake, Peugeot na Citroën wakaachana kabisa na magari yao, na Aygo ikarudi ikiwa Aygo X, krosova.

Sheria za hewa chafu nazo zilisukuma upande huohuo, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kuanzia 2020 wastani wa Ulaya uliwekwa gramu 95 za kaboni dioksidi kwa kilomita, na faini ni euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, mara idadi ya magari yaliyouzwa. Lakini lengo halikuwa moja kwa wote. Hadi 2024 kanuni ilimwongezea mtengenezaji gramu 3.3 kwa kila kilo 100 ambazo wastani wa magari yake ulizidi wastani wa soko. Aliyeuza magari mepesi alipewa lengo kali zaidi. Sababu ilikuwa kuwalinda watengenezaji wa magari mazito wasiumie mno. Matokeo yake ni kwamba wepesi haukulipa kama ulivyopaswa.

Marekani ni zaidi. Huko kuna viwango viwili vya matumizi ya mafuta, kimoja cha magari ya abiria na kingine, kilicho laini, cha "malori mepesi". Ili gari la kawaida liingie kundi la pili linahitaji magurudumu manne yanayovuta, au uzito wa zaidi ya pauni 6,000 likiwa na mzigo kamili, kisha litimize vipimo vinne kati ya vitano: pembe ya mbele (mwinuko ambao gari linaweza kuuanza bila bampa kugusa) nyuzi 28, ya katikati 14, ya nyuma 20, uwazi wa chini sentimita 20, na uwazi chini ya ekseli sentimita 18. Ndiyo maana Toyota RAV4 inayovuta kwa magurudumu mawili huhesabiwa gari, na ileile ikivuta kwa manne huhesabiwa lori. Juu ya hayo, kiwango hulegea kadiri eneo kati ya magurudumu manne linavyopanuka. Mwenye kuchora gari akiwa na kanuni hizo mezani, ni wazi atalinyanyua na kulipanua. Aprili 2018 Ford ilitangaza kwamba, huko Amerika Kaskazini, itaacha karibu magari yote ya abiria na kubakiza Mustang.

Wanunuzi hawakulazimishwa, hilo tukiri. Kiti kilicho juu kinamfaa mzee mwenye magoti mabovu na mama anayemfunga mtoto kwenye kiti chake bila kuinamisha mgongo. Dereva anaona mbali. Shirika la Kimataifa la Nishati lilihesabu kwamba mwaka 2023 SUV na krosova zilikuwa asilimia 48 ya magari yote yaliyouzwa duniani. Shirika hilo pia linasema SUV ina kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la kawaida la ukubwa wa kati. Matangazo hayana haja ya kukukumbusha hilo.

Lakini tusizike kilicho hai. Dacia Sandero, gari dogo lisilo na mapambo, liliongoza mauzo ya Ulaya yote mwaka 2024. Japani bado ina magari ya kei, yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660 na urefu usiozidi mita 3.4, kwa sababu sheria na kodi zinayalinda. India imeyapunguzia kodi magari yasiyozidi mita 4, na ndiyo sababu Fronx tuliyoipima ina milimita 3,995. Gari dogo hubaki pale ambapo sheria inalijengea nafasi.

Afrika Mashariki tunapokea uamuzi huu ukiwa umechelewa miaka saba au minane, kwa meli ya magari yaliyotumika. Vitz ilikoma Japani mwanzoni mwa 2020, Premio na Allion Machi 2021, Passo 2023. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mwaka 2026 mwisho ni lililosajiliwa mara ya kwanza 2019. Fuata hesabu hiyo: 2027 ni mwaka wa mwisho kwa Vitz kuingia Mombasa, na 2028 kwa Premio. Tanzania haizuii, ila gari likipita miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu. Kumbuka pia kodi hujengwa juu ya thamani ya gari. Kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 peke yake, kila shilingi 100 za tofauti ya bei kati ya gari dogo na krosova zinakuwa 147.5 bandarini Dar es Salaam, kabla ya ushuru wa bidhaa.

Ukiwa yadi mbele ya krosova, anza kwa kuingia chini. Kama huoni propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu nyuma hadi kwenye difu, na gari si haibridi lenye mota ya umeme nyuma, hilo ni gari la kuvutwa mbele, na kwenye tope la masika litakwama palepale Vitz inapokwama. Pima uwazi wa chini watu wanne wakiwa wameketi ndani, maana namba ya karatasini ni ya gari tupu.

Kisha rudi kwenye tairi. Yaris Cross ya daraja la juu huvaa 215/50R18. Ubavu wake ni milimita 107.5. Vitz ya mwisho yenye 165/70R14 ina ubavu wa milimita 115.5. Gari lililo juu lina ubavu mfupi zaidi wa kunyonya shimo, na rimu ya inchi 18 ikipinda, kuipata nyingine ni gharama. Yaris Cross ya daraja la chini ina 205/65R16, ubavu milimita 133. Kwa barabara zetu hiyo ndiyo ya kununua, hata kama muuzaji anakuonyesha rimu za kung'aa. Kwenye barabara kuu utalipia pia upepo. Upana mara kimo wa Yaris Cross, milimita 1,765 kwa 1,590, unazidi wa Yaris (1,695 kwa 1,500) kwa asilimia 10, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hewa ndiyo mzigo mkubwa wa injini.

La mwisho ni kioo cha mbele. Kwenye magari haya kamera ya breki za dharura imebandikwa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Kioo kikipasuka kwa kokoto na kubadilishwa, kamera inaweza kukaa imeinama nusu nyuzi tu, na nusu nyuzi kwa umbali wa mita 50 ni karibu sentimita 44 pembeni. Gari linaweza kufunga breki kwa sababu ya lori lililoegeshwa kando, au lisimwone aliye mbele. Kabla fundi hajakitoa kioo cha zamani, muulize kama ana ubao na kompyuta ya kuisawazisha kamera hiyo. Kama hana, mpelekee anayeweza, kabla ya kulirudisha gari barabarani.