Je, wajua kwa nini ua la mshelisheli huchomwa katika visiwa vya Pasifiki?

Mshelisheli si mgeni kwetu. Unguja, Pemba na Mombasa tunda lake hupikwa kwa nazi au hukaangwa, na wengi wetu hatuutafuti mti huo kwa jambo jingine. Huko Pasifiki, kwenye asili yake, watu huutumia kuanzia mzizi hadi ua.

Mti mmoja hutoa maua ya aina mbili. Ua jike ndilo linalokuwa tunda. Ua dume ni refu na nene, rangi yake manjano. Likishamwaga chavua hugeuka kahawia na kudondoka. Wakazi wa visiwa vingi, vikiwemo Vanuatu na Hawaii, huyaokota maua hayo dume, huyakausha, kisha huyachoma yafuke moshi. Moshi huo hufukuza mbu.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani na Kanada walichapisha matokeo ya kuchunguza kilichomo ndani ya ua hilo. Walikuta asidi tatu za mafuta: kapriki, undekanoiki na lauriki, hii ya mwisho ikiwa ndiyo ileile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. Walipozijaribu kwa mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengue, zilizuia vizuri zaidi mbu asiume kuliko DEET ya kiwango kilekile, na DEET ndiyo kemikali iliyomo katika dawa nyingi za kujipaka. Wazee wa visiwani walistahili kusikilizwa mapema zaidi.

Dawa nyingine kubwa ni utomvu. Ukilichanja gome, hutoka maziwa meupe yanayonata, yaleyale ambayo mafundi wa Pasifiki walikalafatia mitumbwi. Aliyeteguka au kuvunjika mfupa husuguliwa utomvu huo kwenye ngozi. Mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni hufungwa kitambaa chenye utomvu juu ya uti wa mgongo. Ukichanganywa na maji hunywewa kwa kuhara na maumivu ya tumbo. Majani yaliyopondwa hutibu magonjwa ya ngozi na utando mweupe wa kinywani, maji ya vikonyo vya majani hutiwa sikio linalouma, na mizizi iliyopondwa hubandikwa kwenye ngozi yenye maradhi.

Mti ulipohama, matumizi nayo yaliongezeka. Nahodha William Bligh alifikisha miche kutoka Tahiti hadi St. Vincent na Jamaika mwaka 1793, ili tunda liwe chakula cha watumwa wa mashambani. Leo katika visiwa vya Karibi, jani lililogeuka manjano huchemshwa kama chai kwa wenye presha na kisukari. Hiyo haijawa mbadala wa matibabu: anayemeza vidonge vya presha asiviache kwa sababu ya chai hiyo, na amwambie daktari wake kama anainywa.