Kila herufi ya ensaiklopidia ina umri wake

Wanafunzi wa teolojia wanaoniletea rasimu za memwari (tasnifu za kumalizia masomo) hapa Lubumbashi hupenda kuanzia kwenye ensaiklopidia, nami nawaunga mkono. Makala moja ya mtaalamu hukuonyesha wasomi wanabishania nini na vitabu gani uvitafute. Swali langu kwao ni lile lile: juzuu hiyo ilitoka mwaka gani?

Mchukue nabii Mkristo wa Kongo, Simon Kimbangu, aliyefia gerezani humu mjini kwetu mwaka 1951, enzi mji ukiitwa Elisabethville. Ukimtafuta kwenye herufi K ya Encyclopaedia of Religion and Ethics ya James Hastings, humkuti. Kazi nzima huorodheshwa kuwa ilitoka 1908–1926, basi msomaji hudhani Wazungu walimdharau. Dharau humo zipo, tena nyingi, lakini hii siyo. Juzuu yenye herufi hiyo ilitoka 1914, naye alianza kuponya wagonjwa kule Nkamba mwaka 1921. Kwenye ensaiklopidia ya 1987 iliyohaririwa na Mircea Eliade, yumo. Ila mwaka wa kuzaliwa kwake wengine huandika 1887, wengine 1889. Hapo usichague unaoupenda. Andika yote miwili, kisha ushuke hadi kwenye vitabu vilivyotajwa mwishoni mwa makala.

Kwa Wakatoliki, mtego ni Catholic Encyclopedia ya New York, 1907–1912. Ipo bure mtandaoni, na mega zetu za intaneti zinahesabika! Kwa mababa wa Kanisa na mitaguso ya kale bado inasaidia. Kwa liturujia ya leo, hapana kabisa: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioagiza liturujia irekebishwe, ulianza 1962, na Misale (kitabu cha Misa) ya majimbo ya Zaire iliidhinishwa na Roma 1988.

Kuhusu kunukuu: Hastings na Eliade ni wahariri. Taja aliyeandika makala, kichwa chake, juzuu na mwaka wa juzuu hiyo. Na ukitumia Dictionnaire de théologie catholique, lile dubwana la Paris la juzuu 15, kumbuka kwamba namba zake ni za safu. Kila ukurasa una safu mbili, kila moja na namba yake. Anayeweka “uk.” mbele ya namba ya safu huwaambia wajumbe wa jopo, bila kuulizwa, kwamba kitabu chenyewe hajakifungua.