Uhalisia wa kijamaa si kuonyesha umaskini

Kazi yoyote ikimwonyesha mkulima au mvuja jasho, inabandikwa jina la uhalisia wa kijamaa. Wanafunzi wa fasihi wanafanya hivyo, na baadhi ya wahakiki nao wamo. Kwa kifupi, uhalisia wa kijamaa ni njia ya utunzi iliyopitishwa rasmi kwenye kongamano la waandishi wa Muungano wa Kisovieti, Moscow, mwaka 1934, na wachoraji nao wakabanwa nayo: msanii aonyeshe maisha yakiwa njiani kuelekea ujamaa.

Watu wanasahau hayo maneno "yakiwa njiani". Mchoraji Mrusi Ilya Repin alipowachora wanaume waliofungwa mikanda kifuani wakikokota jahazi kando ya mto Volga, kazi aliyoimaliza 1873, alionyesha mateso akaishia hapo. Huo ni uhalisia wa kihakiki, unaoonyesha taabu na kuikosoa jamii iliyoisababisha. Wa kijamaa ulidai kesho ionekane ndani ya leo, hata kama leo yenyewe inakataa.

Mtazame mchoraji wa Kisovieti Arkady Plastov (1893–1972), mjukuu wa mchoraji wa picha takatifu, mzaliwa wa kijiji cha Prislonikha katika eneo la Volga, ambaye aliwachora majirani zake hao hao karibu maisha yake yote. Mwaka 1937 alichora sikukuu katika shamba la ushirika: meza zimefurika vyakula, umati umechangamka, na picha ya Stalin, mtawala wa nchi, imetundikwa juu yao. Miaka minne tu nyuma njaa ilikuwa imeua mamilioni ya watu nchini, na maeneo ya Volga hayakusalimika. Hapo ndipo uhalisia wa kijamaa ulipo hasa, kwenye ile shibe iliyoahidiwa.

Lakini mwaka 1942 Plastov huyo huyo akachora ndege ya kifashisti ikiwa imeshapita. Mtoto mchungaji amelala kifudifudi kwenye nyasi, karibu na miti michanga yenye majani ya manjano. Mbwa ameinua kichwa analia. Ng'ombe wameanguka, na ndege yenyewe ni kidoa tu mbali angani. Hakuna shujaa wala ushindi unaoahidiwa. Kwangu mimi hii inazizidi zote alizochora, na kuiita uhalisia wa kijamaa kwa sababu tu mchoraji alipewa Tuzo ya Stalin, tuzo ya serikali, mwaka 1946 ni kumpunja.

Kwa hiyo ukikutana na mkulima na jembe lake, katika mchoro au katika riwaya, usilikimbilie jina hilo. Kama kinachoonyeshwa ni taabu na aliyeisababisha, andika uhalisia wa kihakiki. La kijamaa liachie kazi inayokuonyesha pia taabu hiyo itakapokomea.