Tukipishana sokoni nikanyamaza, usinune

Juzi mama mmoja, mteja wangu kwenye hii kazi ya ushauri nasaha, kanilalamikia, eti tulipishana soko la Mwanga nikampita kama simjui. Na hapa Kigoma mnajua wenyewe kumpita mtu bila salamu ni kama umemtukana, watu wanasalimiana mpaka na makofi juu na wanaulizana mpaka hali ya mbuzi. Nikamkumbusha tulivyokubaliana siku ya kwanza, tukikutana nje wewe ndo unaanza, ukisalimia naitikia kama jirani yeyote, ukinyamaza na mimi nanyamaza, maana mji wenyewe mdogo huu, wifi yako akiona tunachekeana sana atauliza yule dada unamjulia wapi, na siri imeshaanza kuvuja hapo kabla sijafungua mdomo. Akasema ndio nakumbuka, ila iliniuma.

Wengine wangesema basi yaishe. Mi nikamuuliza iliuma wapi. Akashika kifua. Tukabaki hapohapo karibu saa nzima, kumbe kwake siku hizi mume anaingia anatoka hamsemeshi, watoto wako kwenye simu, na mimi nikaongezeka kwenye orodha. Ndo maana nasema kinachotokea kati yangu na mteja ni kazi tosha, sio lazima twende kuchimba utotoni.

Sasa hili jina la mshauri nasaha linanitesa jamani. Mtu anakaa tu, "dada nishauri, nimuache nisimuache?" Kiukweli mi siwezi kukuambia umuache. Nilishafanya huo ujinga nikiwa mgeni kwenye hii kazi, nikampangia binti maneno ya kwenda kumwambia mumewe, neno kwa neno, nikajiona fundi kweli. Kaenda kayasema yote. Mume kamsikiliza mpaka mwisho afu kamuuliza swali moja tu, "nani kakufundisha?" Binti hakurudi kwangu tena na mpaka leo sijui iliishaje. Maneno yalikuwa mazuri, ila yalikuwa yangu, hayakuwa ya kwake.

Baadae nikamsoma vizuri mwanasaikolojia Mmarekani, Carl Rogers. Huyu ndo alilipa nguvu neno mteja badala ya mgonjwa, kitabu chake cha 1942 (mi hilo neno linanikumbusha yule dada wa kwenye simu, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, na kweli wako wanaokuja mwili upo wenyewe hawapatikani). Mwaka 1957 akaandika mambo anayoona yanatosha mtu abadilike, na matatu yanamhusu kaunsela mwenyewe: umpokee mtu bila masharti, umuelewe kama vile umesimama alipo yeye, na usiigize. La tatu ndo gumu kwangu. Nikichoka uso unaonyesha, kwa hiyo siku hizi nasema tu, mama hapo nilipotea kidogo hebu rudia, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Watu wengi huku hawaji wanasema nina sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito. Wanasema nina mawazo. Au kichwa kinawaka moto, usingizi hauji, moyo unaenda mbio na hospitali wamepima hawajaona kitu. Mi sikimbilii kubadilisha hilo neno. Zimbabwe kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda, toka 2006 amewafundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza, na wao hawaanzi na majina ya kitabuni, wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndo mawazo yetu haya haya? Naanzia hapo, mawazo yanakuja saa ngapi, yakija unafanya nini, nani nyumbani anajua.

Siri natunza, ila sio zote, na hili nalisema mapema kabla mtu hajamwaga moyo: ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtoto anaumizwa, hapo sitanyamaza, na nitakuambia wewe kwanza kabla ya kumuambia mtu mwingine.

Wanaume ndo kimbembe. Wavuvi wa Kibirizi siwapangii Jumatatu au Alhamisi, nawapangia kwa mwezi wa angani, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Ziwa Tanganyika lilipofungwa wasivue 2024, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, wengi walikuwa wako nyumbani tu, na nyumbani wengine hawajazoea kukaa. Mmoja aliletwa na mkewe, mke akabaki nje. Kakaa. Kimya. Mi nilikuwa nawashwa kuuliza ila nikajikaza, macho yangu kwenye mikono yake, alikuwa anasugua kovu la kamba kwenye kiganja, anasugua anaacha anasugua. Dakika kama arobaini hivi. Afu kasema, "Baba alikufa ziwani, mimi nilikuwa nimeshika taa." Nikamwambia pole kaka. Kanyamaza tena, ila safari hii alikuwa ameacha kusugua.

Tangu ziwa lifunguliwe anakuja mwenyewe, mke hamleti tena. Wiki iliyopita wakati anavaa ndala mlangoni kauliza, "dada, mwezi ukijaa tena?" Nikachungulia kalenda, nikamuandika.