"Atakua Tu": Maswali Kuhusu Kumpima Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum

Mahitaji maalum ya elimu ni yapi?
Ni hali inayomzuia mtoto kufuata masomo bila msaada wa ziada: kutosikia au kutoona vizuri, ulemavu wa viungo au wa akili, usonji (ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu), au ugumu wa kusoma kwa mtoto mwenye akili timamu kabisa. Mtoto mwingine huwa na mawili kwa pamoja.

Mwanangu ana miaka mitatu na haongei. Nyanya yake anasema hata baba yake alichelewa. Ningoje?
Hapana. Mtoto wa miaka miwili anafaa kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Asiyeweza apimwe, na kipimo cha kwanza ni cha masikio. Aliyekuwa akiongea kisha akanyamaza, mlete wiki hii hii.

Lakini nikibamiza mlango anageuka.
Mlango hutikisa nyumba nzima. Tena mtoto anaweza kusikia lori barabarani na asishike sauti nyembamba kama "s" na "f", ndiyo maana "simama" kwake ni kelele tu. Mlango si kipimo, mama. Mlete.

Tumeambiwa akatwe kimeo ndipo aongee.
Msikubali! Kimeo hakimzuii mtoto kuongea. Wembe wa mkataji huleta damu isiyokoma na pepopunda, na jeraha likipona mtoto bado hasikii.

Sikio lake hutoa usaha. Hilo nalo linahusu shule?
Sana. Huletwa kwetu tunaopima watoto, mtoto wa Gredi ya 2 aliyewekwa nyuma ya darasa kwa "ukaidi". Nikichungulia sikio nakuta pamba imeshikana na mafuta ya kupikia, na usaha nyuma yake. Mzazi anasema ni kawaida yake tangu utotoni. Usaha wa zaidi ya wiki mbili ni ugonjwa sugu unaokula usikivu. Msitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani. Hospitali.

Tukapimiwe wapi?
Hapa Kenya kuna vituo vya EARC, yaani vya kupima mahitaji ya elimu ya mtoto, vilivyoanzishwa mwaka wa 1984; ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza. Mpimaji atauliza alivyozaliwa, kama aliugua homa ya uti wa mgongo au degedege, atamtazama akicheza na akishika penseli. Beba kitabu cha kliniki na madaftari yake ya shule, hata yale yenye alama za aibu. Hayo hasa.

Si watamwandika mlemavu, wamharibie maisha?
Wanaandika anachohitaji: kubaki darasa la kawaida akikaa mbele na kuvaa miwani au kifaa cha kusikia, kwenda kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Tena si hukumu ya milele, hurudi akapimwa upya. Majirani wameshamwita bubu bila kumpima, hilo halikuwasumbua?

Si tungoje kwanza aanze shule?
Nimeshajibu. Hapana.

Wetu ana miaka tisa. Tumechelewa?
Ndiyo, mmechelewa, na njooni hata hivyo. Msingoje likizo: siku za masomo mwalimu wake yupo, na mpimaji atataka kumuuliza.