RAM mpya imegoma kwenye laptopu? Anza na lebo

"Nimenunua DDR ile ile ya zamani, GB 8 kamili, mbona skrini inabaki nyeusi?" Swali hili huletwa kwangu kila mara, na kabla sijashika bisibisi huomba nione lebo za RAM zote mbili, ya zamani na mpya. Ukubwa wa GB huwa nauangalia mwisho.

Kosa la kizazi cha RAM, yaani namba inayofuata DDR, hujionyesha lenyewe. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260 na DDR5 ina 262, na kile kipengo cha chini kimehamishwa makusudi ili isiingie pasipo pake. Ikikataa kukaa, usiikandamize.

Zinazosumbua ni zile zinazoingia vizuri kabisa. DDR3 na DDR3L zinafanana kwa pini na kwa pengo, lakini DDR3 ya kawaida hutaka volti 1.5 na DDR3L hutosheka na 1.35. Laptopu zenye prosesa za Intel Core za kizazi cha nne zilitengenezwa kwa 1.35, kwa hiyo DDR3 ya kawaida ukiiweka humo, usishangae mashine ikikataa kuwaka. Kwenye lebo tofauti yote ni herufi moja: PC3L badala ya PC3.

Halafu kuna maandishi ambayo wanunuzi wengi huyapita: 1Rx8 au 2Rx8. Yanaeleza jinsi chipu zilivyopangwa: kwa kawaida 1Rx8 ni chipu 8, 2Rx8 ni chipu 16. Prosesa hizo za kizazi cha nne, na zilizozitangulia, husoma chipu za DDR3 zisizozidi gigabiti 4, yaani nusu GB, kila moja. Maana yake RAM ya GB 8 inapaswa kuwa na chipu 16. Ukiuziwa yenye chipu 8 tu, huenda isisomwe kabisa, ingawa ni nzima na volti zake ni sahihi. Hesabu chipu kabla hujalipa.

Kasi isikunyime usingizi. Ukichanganya ya 2666 na ya 3200, kwa kawaida zote mbili zitakwenda kwa 2666.

Lebo zikikubaliana na bado mashine imegoma, pima kimoja kimoja. Chomoa chaja, tenganisha betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Weka RAM mpya peke yake kwenye sloti ya kwanza, kisha ya pili. Fanya vivyo hivyo kwa ya zamani. Ya zamani ikiwaka kote na mpya ikigoma kote, mpya haifai mashine hiyo au imekufa. Zote zikigoma kwenye sloti moja, ichunguze sloti hiyo: vumbi, pini iliyopinda. Kila moja ikiwaka peke yake lakini zikigoma zikiwa pamoja, sasisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, kwanza. Hali isipobadilika, tafuta jozi inayofanana. Na hakikisha imekaa: inaingizwa kwa kuinamishwa, ikasukumwa mpaka mwisho, ndipo inalazwa hadi vibanio vya pembeni vilie.

Wenye DDR5, naomba subira. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, mashine hujipima nayo, na skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Ukiizima katikati, zoezi litaanza upya.

Mashine ikiwaka ila ikionyesha RAM pungufu, angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4. Upungufu mdogo mara nyingi ni sehemu iliyochukuliwa na grafiki za ndani. Kwenye Linux, amri ya sudo dmidecode -t memory itakuonyesha kila sloti ina nini.

Kuwaka pekee hakunitoshi. RAM isiyoelewana na mashine inaweza kufanya kazi siku nzima huku ikiharibu data kimya kimya, na mafaili yaliyohifadhiwa yakiwa yameharibika hayarudi kwa kubadilisha RAM. Ndiyo maana siirudishi laptopu kwa mwenyewe kabla ya kuiendeshea MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, ikiwezekana usiku kucha. Kosa likitokea, hata moja, rudia ukiwa na RAM moja moja ujue ipi ndiyo mbovu, kisha irudishe ulikoinunua.