Kuitwa chuo si kulipiwa chuo

"Mwanangu ameitwa na serikali, karo si juu yao?" Kila KUCCPS, idara ya serikali ya Kenya ya kugawa nafasi za vyuo, ikitoa majina, swali ni hilo hilo, Mombasa nzima kuanzia Likoni hadi Kisauni. Na wengine huliuliza mtoto akiwa ameshafika langoni, begi begani.

KUCCPS humpa mwanafunzi nafasi, basi. Tangu 2023, ufadhili (pesa zisizorudishwa) hutoka Mfuko wa Vyuo Vikuu na mkopo hutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na vyote viwili lazima mwanafunzi aviombe mwenyewe mtandaoni. Asiyeomba hapati, hata awe yatima mwenye A. Halafu hesabu. Kwa bendi tano za 2024, yaani makundi ya familia kulingana na uwezo wao, kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka ikiangukia Bendi ya 3 iligawika hivi: ufadhili 100,000, mkopo 60,000, na nyumbani 40,000. Bendi ya 1 nyumbani walitoa asilimia 5, Bendi ya 5 asilimia 40. Bendi ya nyumbani kutotoa chochote haikuwepo, msiitafute. Tena asilimia ilikatwa kwenye bei ya kozi: wa Bendi ya 3 kwenye kozi ya 400,000 alidaiwa 80,000, ilhali wa Bendi ya 4 kwenye ile ya 200,000 alidaiwa 60,000. Kwa hivyo tazameni bei kabla ya kuchagua kozi, si baada.

Mambo huharibikia saiba, yaani duka la intaneti, kijana wa kompyuta anapokisia mapato ya baba ili foleni isogee. Kaeni kando yake, msome kila jibu kabla hajatuma. Bendi ikitoka vibaya, kateni rufaa huko huko mtandaoni. Kumlilia naibu chansela ni kupoteza nauli, chuo hakipangi bendi.

Chuo cha kibinafsi? Mkopo mwaweza kuomba, ufadhili wa serikali haufiki huko.

Wengine husema, "Mahakama ilifuta bendi." Mahakama Kuu iliufuta mfumo huu wa bendi Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo 2025. Waliokunja mikono bila kuomba walijiponza wenyewe.

 

Na mkopo si sadaka: riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Ufadhili na mkopo wa karo huenda moja kwa moja chuoni. Kinachomfikia mtoto mkononi ni pesa za kujikimu, 40,000 hadi 60,000 kwa mwaka kulingana na bendi, nazo ni mkopo vilevile.